Tumepokea onyo la serikali kuhusu kifaa chetu cha mtandao: je, tuliamini, na tufanye nini?

Swali: "Naendesha kampuni yenye wafanyakazi wapatao 40, inayofunga na kuhudumia pampu na mita za mashirika ya maji. Wiki iliyopita tulipata barua pepe kutoka taasisi ya serikali ya usalama wa mtandao, ikisema kwamba kifaa chetu cha VPN, ambacho mafundi hukitumia kuingia kwenye mtandao wa ofisi wakiwa nje, kina dosari inayojulikana na tunapaswa kukisasisha mara moja. Barua ilitaja anwani yetu ya IP, tarehe na saa, na juu yake kuna maandishi TLP:AMBER. Fundi wetu wa kompyuta anasema huo ni utapeli. Mhasibu anasema tukijibu tutakuwa tumejipeleka wenyewe, na faini itafuata. Mimi najiuliza walijuaje: je, wameingia kwenye mifumo yetu? Na kama serikali ina uwezo wa kuona haya yote, kwa nini isiizibe hiyo dosari yenyewe? Sisi ni kampuni ndogo, sioni nani angehangaika nasi."

Jibu:

Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kunakili yaliyomo kwenye onyo lenyewe badala ya kulisimulia tu, kwa kuwa mengi ya majibu yako yamo humo. Umeuliza mambo kadhaa yaliyoshikana: kama barua ni ya kweli, walijuaje, kwa nini wasirekebishe wenyewe, na kama kujibu kutawaponza. Nitayafikia yote, lakini nitangulize lililo la haraka. Msisubiri kumaliza mjadala wa ukweli wa barua ndipo mkitazame kifaa. Madai yaliyomo yanaweza kupimwa bila kumwamini aliyeyaandika: fundi afungue ukurasa wa usimamizi wa kifaa akiwa ndani ya ofisi, asome namba ya toleo la programu yake, kisha ailinganishe na tangazo la usalama lililoko kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ni kazi ya dakika chache. Namba hiyo ikiwa miongoni mwa matoleo yaliyotajwa, basi dosari mnayo, hata kama barua ingekuwa imeandikwa na tapeli.

Fundi wenu hakukosea kushuku, maana matapeli hujifanya taasisi za serikali kila siku, na barua yenye neno "mara moja" inastahili kutazamwa mara mbili. Alipokosea ni kuishia kwenye shaka. Msibofye kiungo kilicho ndani ya barua wala kupiga namba iliyoandikwa humo. Andikeni wenyewe anwani ya tovuti rasmi ya taasisi hiyo, chukueni namba ya simu iliyoko huko, pigeni, na ulizeni kama onyo lenye kumbukumbu namba fulani limetoka kwao. Taasisi hizi zimezoea kupokea simu za namna hiyo na haziudhiki. Barua ya kweli haiombi nywila, haidai malipo, haikutaki usakinishe programu waliyoiambatisha, na haiombi kuongoza kompyuta yako kutoka mbali. Ikiomba hata kimoja kati ya hivyo, ichukulieni kuwa ni ya uongo na muiripoti.

Sasa, walijuaje? Hapa ndipo penye hofu kubwa na uelewa mdogo. Anwani za IP za mfumo wa zamani, ambao bado ndio unaotumika sana, ni takriban bilioni 4.3 tu, na kwa kompyuta ya leo ni idadi ndogo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iliyoweza kubisha hodi kwenye anwani zote hizo, kwa mlango mmoja wa mtandao, kwa muda usiofika saa moja, ikiendeshwa na kompyuta moja yenye muunganisho wa kasi. Kifaa chenu, kama vifaa vyote vilivyofunguliwa kwa umma wa intaneti, hujibu kila anayebisha: hutoa ukurasa wake wa kuingilia, cheti chake cha usalama, na mara nyingi dalili za aina yake na toleo lake. Anayepima hulinganisha majibu hayo na orodha ya matoleo yenye dosari. Hakuna nywila iliyojaribiwa, hakuna faili lililofunguliwa. Ni mlinzi wa zamu anayepita barabarani na kuona kwamba kitasa cha mlango wako ni cha aina ile ambayo wezi wana ufunguo wake. Tarehe na saa zilizotajwa kwenye barua ni za upimaji huo, na fundi anaweza kuzitafuta katika kumbukumbu za kifaa akaona mguso huo wa nje.

Kutoka kwenye anwani ya IP hadi kwenye jina la kampuni ni hatua nyingine. Mara nyingi cheti cha kifaa chenyewe kimebeba jina lenu. Pasipo na jina, anayejua mteja ni kampuni inayowauzia huduma ya intaneti, na katika nchi nyingi taasisi haiwezi kumpata mteja huyo bila msingi wa kisheria. Marekani, kwa mfano, ililazimika kutunga kifungu, kilichoanza kutumika mwaka 2021, kinachoipa taasisi yake ya usalama wa mtandao, CISA, uwezo wa kuwataka watoa huduma watambulishe mwenye kifaa chenye dosari, kwa ajili ya kumwonya tu. Kabla ya hapo maonyo mengi yaliishia njiani kwa sababu hapakuwa na wa kumwandikia.

Someni tena barua yenu kwa makini, kwa sababu kuna aina mbili za maonyo, na watu huzichanganya. Ya kwanza husema, "Kifaa chenu kina dosari." Ya pili husema, "Tunayo dalili kwamba kuna mtu ameshaingia." Hii ya pili haitokani na kubisha hodi, hutoka kwa watafiti, kwa kampuni za ulinzi, au kwenye seva za wahalifu zilizokamatwa zikiwa na orodha ya waathirika. CISA huendesha utaratibu wa kuwaonya waathirika katika muda mfupi uliopo kati ya mhalifu kuingia na mhalifu kufunga mafaili na kudai fidia. Kwa maelezo uliyonipa, yenu ni ya aina ya kwanza. Ingekuwa ya pili, ningekuambia uache kunisoma na upige simu.

Kuhusu TLP:AMBER, hiyo ni alama ya kimataifa, yenye rangi kama za taa za barabarani, inayoelekeza nani anaweza kupewa taarifa. Nyekundu ni ya waliopewa mkononi tu. Kijani ni ya jamii ya wanaohusika. Iliyo wazi ni ya kila mtu. Yenu, ya njano, inaruhusu taarifa isambae ndani ya kampuni na kwa wateja wenu wanaohitaji kuijua ili wajilinde. Kwa hiyo mnaruhusiwa kulieleza shirika la maji mnalolihudumia, na pengine mnapaswa. Kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wenzenu hairuhusiwi.

Unauliza kwa nini serikali isizibe dosari hiyo yenyewe. Sababu ya kwanza ni ya kisheria: katika nchi nyingi, kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ridhaa yake ni kosa, na taasisi ya usalama wa mtandao haijapewa ruhusa ya kulitenda kwa nia njema. Sababu ya pili ni ya kiufundi, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Kusasisha kifaa cha VPN kwa kawaida kunamaanisha kukizima na kukiwasha, na huenda mpangilio fulani ukavurugika. Ninyi peke yenu ndio mnaojua kwamba usiku huo fundi yuko kwenye kituo cha pampu akitegemea muunganisho huo huo. Mtu wa nje akigusa asichokijua anaweza kusababisha hasara ile ile aliyotaka kuizuia.

Yapo matukio ambapo serikali iliingia, nayo yanaonyesha mipaka ya njia hiyo. Mwezi Aprili 2021 FBI ilipata amri ya mahakama na kufuta milango ya siri ambayo wadukuzi walikuwa wameiacha kwenye mamia ya seva za barua pepe za Microsoft Exchange nchini Marekani. Wizara ya Sheria ilisema waziwazi kwamba operesheni hiyo haikuziba dosari zenyewe wala haikutafuta programu hasidi nyingine. Kazi hiyo ilibaki kwa wenye seva. Hata serikali iliyofika hadi ndani ya mashine ilitoka ikiwa imemwachia mwenyewe sehemu kubwa ya kazi.

Kinachofanywa na taasisi hizi kila siku ni kingine, na thamani yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Hutangaza dosari zinazotumiwa na wahalifu hivi sasa, badala ya kumwachia fundi maelfu ya dosari za kinadharia zinazotangazwa kila mwaka. Orodha ya namna hiyo ya CISA ilianza Novemba 2021, na mtu yeyote duniani anaweza kuisoma bila malipo. Hupima mifumo ya kampuni kutoka nje kwa anayejiandikisha. Huondoa tovuti bandia mtandaoni. Huandaa mazoezi ya kukabiliana na tukio, na huweka viwango vya chini. Kituo cha usalama wa mtandao cha Uingereza, NCSC, kilichoanza kazi mwaka 2016, kina huduma ya bure ambayo kampuni huipa anwani zake za IP na majina ya tovuti zake, nacho huituma taarifa pale anwani hizo zinapoonekana mahali pabaya.

Udhaifu wa utaratibu wote uko kwenye hatua ya mwisho, yaani kwa mpokeaji. Microsoft ilitoa sasisho la dosari iliyokuja kutumiwa na WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia, tarehe 14 Machi 2017. Mwezi huo na uliofuata, taasisi iliyosimamia mifumo ya afya ya Uingereza ilituma maonyo kwa hospitali, ikizitaka zisakinishe sasisho hilo. Tarehe 12 Mei kirusi kikalipuka, na ukaguzi uliofuata ukakuta kwamba taasisi za hospitali 81 kati ya 236 za England ziliathirika, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kuzidi 19,000 ikafutwa. Onyo lilikuwapo, tiba ilikuwapo, na muda wa karibu miezi miwili ulikuwapo. Siku hizi muda huo ni mfupi mno, kwa sababu mtengenezaji anapotoa sasisho, wadukuzi hulilinganisha na toleo la zamani na kuona hasa palipozibwa, kisha huandika programu ya kupavamia kwa wale ambao bado hawajasasisha. Ndiyo maana barua yenu haikusema "mkipata nafasi".

Nije kwenye udogo wenu. Programu inayobisha hodi kwenye mabilioni ya anwani haijui kampuni ina wafanyakazi wangapi. Mhalifu hukusanya kwanza milango iliyo wazi, ndipo anapoangalia nani yuko nyuma yake, na akikuta mafundi wa pampu wenye nywila za mashirika ya maji, amepata zaidi ya alichokitafuta. Mwaka 2013 wezi waliiba taarifa za kadi zipatazo milioni 40 kutoka maduka ya Target ya Marekani. Walianza kwa kuiba nywila za mkandarasi wa majokofu na viyoyozi. Kwa sababu hiyo sheria mpya za sekta nyeti hazimtazami tena mwenye mtambo peke yake. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya yanayoitwa NIS2, ambayo huduma ya maji ya kunywa imo ndani yake, yanamtaka mwendeshaji ahakikishe pia usalama wa wanaomhudumia. Popote mlipo, tarajieni wateja wenu kuanza kuwauliza maswali ya namna hii kwa maandishi.

Mhasibu wenu ana nusu ya hoja. Ni kweli kwamba kuanzia siku mliyoipokea, barua hiyo ni ushahidi kwamba mlijua. Lakini ushahidi huo upo mkijibu au msipojibu, na atakayeulizwa baadaye kwa nini alikaa kimya atakuwa na hali ngumu kuliko aliyejibu siku ya pili. Pili, tofautisheni mshauri na mdhibiti. Uingereza, NCSC hushauri na kusaidia, ilhali faini za ulinzi wa data hutozwa na ofisi nyingine kabisa. Katika nchi nyingine kazi zote mbili ziko chini ya paa moja, hivyo ulizeni kabla ya kutoa maelezo marefu: taarifa hii itamfikia nani, na inaweza kutumika kwa lipi? Ni swali halali, na taasisi makini ina jibu lake kwa maandishi. Tatu, kuwa na dosari kwa kawaida si tukio la kuripotiwa kwa lazima. Tukio ni pale mtu anapoitumia. Tukio likishatokea, saa huanza kuhesabiwa: chini ya NIS2, taasisi inayoguswa hutoa tahadhari ndani ya saa 24 tangu ijue tukio kubwa, maelezo kamili zaidi ndani ya saa 72, na ripoti ya mwisho ndani ya mwezi mmoja baada ya maelezo hayo. Sheria yenu inaweza kuwa na muda tofauti, na hapo mwanasheria ana kazi kuliko mimi.

Kuhusu kifaa chenyewe, mpangilio wa hatua una uzito, na hapa ndipo mafundi wazuri huteleza kwa haraka zao. Kabla ya kusasisha, nakilini kumbukumbu za kifaa na mpangilio wake na mvihifadhi mahali pengine, kwa kuwa baadhi ya vifaa hufuta kumbukumbu vinapowashwa upya, na ushahidi wa aliyepita huondoka nazo. Kisha sasisheni. Kama haiwezekani leo, kiondoeni kwenye intaneti. Mafundi wafike ofisini kwa siku mbili, watalalamika, na hapatakuwa na hasara nyingine.

Baada ya kusasisha, futeni vipindi vyote vya watumiaji vilivyofunguliwa. Hili husahaulika kuliko yote. Mtu akishaingiza nywila, mfumo humpa kibali cha muda ili asiulizwe tena kila anapogusa kitu. Mwaka 2023 dosari moja ya vifaa vya NetScaler, iliyopewa jina la Citrix Bleed, iliwaruhusu wadukuzi kuiba vibali hivyo kutoka kwenye kumbukumbu ya muda ya kifaa. Kampuni zilizosasisha kwa wakati lakini zikaacha vibali vya zamani vikiendelea kufanya kazi zilijikuta wezi bado wakiingia, bila nywila, na bila kuulizwa uthibitishaji wa hatua mbili, kwa sababu kibali walichoshika kilikuwa kimeshapita hatua hizo. Kusasisha hufunga mlango, wala hakumtoi aliyekwisha kuingia.

Ndipo mbadilishe nywila, kwanza zile za usimamizi na zile zinazofika kwa mashirika ya maji, na mpitie orodha ya akaunti jina kwa jina. Akaunti ya fundi aliyeacha kazi ifutwe. Mwaka 2021 bomba la mafuta la Colonial huko Marekani lilisimama baada ya wahalifu kuingia kupitia akaunti ya VPN ambayo haikuwa inatumika tena na haikuwa na uthibitishaji wa hatua mbili.

Kwa siku za mbele, sitakushauri ununue kitu kabla ya kutumia cha bure. Jiandikisheni kwenye upimaji wa nje wa taasisi yenu ikiwa upo, mkijua kwamba unaona ukuta wa nje tu. Hauoni mfanyakazi aliyefungua kiambatisho kibaya, wala nakala za akiba ambazo hazijawahi kujaribiwa. Vyeti vya kiwango cha msingi vina manufaa ya kiasi. Kile cha Uingereza, Cyber Essentials, kilichoanzishwa mwaka 2014, kinadai mambo matano ya kawaida, likiwamo la kusakinisha masasisho ya dosari kubwa ndani ya siku 14, na kwa kampuni ya ukubwa wenu nidhamu hiyo ya siku 14 inafaa kuliko cheti chenyewe kilichotundikwa ukutani. Kwa dosari ambayo tayari inatumiwa na wahalifu, kama huenda ilivyo yenu, hata siku 14 ni nyingi.

Ziko hali ambazo hampaswi kuzishughulikia peke yenu kwa kusoma makala. Mkikuta kwenye kumbukumbu mtu ameingia saa ambazo mafundi wote walikuwa wamelala, akaunti ya usimamizi ambayo hakuna aliyeiunda, programu ya ulinzi iliyozimwa, au data nyingi ikitoka nje usiku, iteni wataalamu wa uchunguzi wafike, na ipigieni taasisi namba yake ya dharura siku hiyo hiyo. Wakati mkiwasubiri, chomoeni mashine kwenye mtandao lakini msizizime, kwa sababu sehemu ya ushahidi huishi kwenye kumbukumbu ya muda na hupotea umeme ukikatika. Wateja wenu waambiwe mapema, ili wafunge njia zenu za kuingilia kwao. Ikifika kudaiwa fidia, msilipe kabla ya kuzungumza na polisi: Colonial ililipa bitcoin 75, na kwa kuwa FBI ilihusishwa mapema, mwezi uliofuata bitcoin 63.7 zilikamatwa. Tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 kwa ushirikiano wa Europol na polisi wa Uholanzi, nayo hutoa bure funguo za kufungulia mafaili yaliyofungwa na baadhi ya programu za kudai fidia.

Mkishathibitisha kwamba barua ni yao, jibuni kwa sentensi mbili: tarehe mliyosasisha, na toleo lililopo sasa. Ongezeni anwani ya barua pepe ya masuala ya usalama inayosomwa na watu wasiopungua wawili, ili onyo lijalo lisiingie kwenye sanduku la mtu aliyeko likizo.